Tupeane uzoefu: ruzuku ya mafuta ilipoondolewa Kenya, kwako ilikuwaje?

Wadau, salamu. Naanza mimi. Septemba 2022 nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kayole, napikia stovu. Tarehe 14, siku moja baada ya Ruto kuapishwa kuwa rais, EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, ikatangaza bei: petroli Nairobi kutoka 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Ruzuku ya petroli iliondoka yote. Mafuta ya taa yalibakiziwa kiasi, lakini nayo yakapanda shilingi 20 nzima, hadi 147.94. Kesho yake nikapeleka dukani chupa yangu ile ile, nikaomba ya hamsini kama kawaida. Mwenye duka alipomaliza kupima, mafuta yalikuwa yameishia chini kabisa ya pale nilipozoea. Kuanzia wiki hiyo sikuchemsha tena maharagwe. Nikawa nanunua yaliyokwisha kuiva, kikombe kwa kikombe, kwa mama wa kibandani.

Rais alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula bilioni 144, na naelewa kwamba aliyefaidi zaidi ni mwenye kujaza tangi kila wiki. Basi angeanza na huyo, mafuta ya taa yaguswe mwisho. Nyinyi je?

Mtu wa boda, Nakuru: Pole ndugu. Kwangu shida ilianza ruzuku ikiwa bado ipo. Aprili 2022 kampuni za mafuta zilikuwa zinaidai serikali pesa za ruzuku, petroli ikaadimika. Nilisukuma pikipiki vituo vitatu, cha nne nikapanga foleni hadi usiku. Septemba ilikuwa ghali lakini ilipatikana. Safari ya 50 nikaifanya 70, na wateja wangu wa asubuhi wakaanza kutembea kwa miguu.

Mkulima, Kitale: Huku ruzuku tuliiona ikihama. Mbolea ilishuka kutoka 6,500 hadi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50. Nilichukua minne. Lakini dizeli nayo ilikuwa imepanda hadi 165, kwa hiyo mwenye trekta akaongeza bei ya kulima ekari, na mwenye pikapu akaongeza ya kubeba. Hata baada ya hayo yote nilibaki na nafuu, siwezi kukataa.

Mwanzilishi: Asante mzee. Nafuu hiyo ilichukua muda gani kufika kwenye unga? Mimi mpangaji sikuwa na shamba la kuitia mbolea, na mwisho wa mwezi nilihitaji kula.