Ukishalijua gemu nje ndani, utamu unabaki? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Grove Street
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kashusha lile gemu la GTA San Andreas kwenye simu yake. Hajamaliza hata misheni ya tatu, tayari ana video inayomwonyesha silaha zilipofichwa, kila misheni inavyopitwa, mpaka mwisho wenyewe. Nikamuuliza, sasa wewe unacheza nini? Akanijibu, "Bro, sitaki kupoteza muda."

Imeniuma. Enzi za PS2 kupoteza muda ndiyo ilikuwa gemu lenyewe. Tulizunguka Los Santos wiki nzima, ukijaribu kutoroka kwenda miji mingine kabla haijafunguliwa unapigwa nyota nne za kusakwa na polisi papo hapo, hujui kwa nini, unarudi mtaani unasimulia kama umetoka vitani. Ile siku CJ, yule unayemchezesha, anaiona ile gari Sabre ya kijani na rafiki yake Big Smoke yupo pale pale na maadui, banda zima tulisimama. Mdogo wangu hatasimama. Anajua tayari.

Mimi naamini gemu likijulikana sana linakufa. Semeni na nyie, hasa mliokulia kwenye mabanda ya PS.

Mzee wa Pedi
Linakufa. Naunga mkono hoja.

Binti Pangani
Napinga, tena kwa nguvu zote. Nyumbani tulikuwa na Tekken 3, lile gemu la kupigana. Mwanzo kila mtu anamtaka Eddy Gordo, kwa sababu Eddy hahitaji akili: unabonyeza vitufe vya mateke hovyo hovyo, yeye anazunguka na kupiga, umeshinda. Wageni wote waliokuja kwetu walimchukua Eddy. Tulicheka, lakini ukweli ni kwamba ilichosha haraka, maana hakuna aliyejua kwa nini ameshinda.

Gemu lilianza siku kaka yangu alipojua kumzuia. Anachutama, anaziba, anasubiri mguu urudi, anapiga. Ikabidi na mimi nijifunze. Nikamshika Nina, nikajua kila kipigo chake kinaanza vipi, kaka naye anajua kwamba najua. Hapo sasa hatupigani kwa vidole, tunasomana mawazo. Tumecheza hivyo miaka, na mpaka leo akija likizo tunaliwasha. Asiyelijua hawezi hata kuona tunachofanya.

Mtoto wa Grove Street
Dada, Tekken una mtu mbele yako. Mimi nasemea magemu ya hadithi.

Binti Pangani
Hukusema hadithi. Ulisema "gemu". Rudi juu ukasome.

Kona ya Sabasaba
Umenikumbusha kitu ambacho sijawahi kukisamehe.

Likizo ya kidato cha tatu, San Andreas, memori kadi yangu mwenyewe niliyoinunua kwa kudunduliza. Nimetoka Grove Street, nimeishi kule mashambani, San Fierro nimefungua gereji, nimefika Las Venturas. Bila chiti hata moja, yaani zile njia za mkato za kubonyeza vitufe. Ile misheni ya treni, ya kuifuata kwa pikipiki huku Big Smoke yuko nyuma anapiga risasi anakosa kila mtu, niliirudia mpaka mama akaja kuzima TV. Lakini nilipita, na nilipopita nililia kwa furaha.

Akaja binamu kutoka mjini na karatasi. Karatasi imejaa R1, R2, L1, mishale, pande zote mbili. Nimeenda dukani kutumwa, narudi, naona watu barabarani wote wamechanganyikiwa, wana silaha, wanamshambulia CJ. Binamu anacheka. Nikamwambia zima bila kusevu. "Nimeshasevu, si ulikuwa umekaribia nyumba?"

Wanaojua wanajua. Ile chiti ukishasevu nayo haitoki. Na mbaya zaidi kuna ile misheni ya rapa Madd Dogg, amelewa, yuko juu ya jengo anataka kujirusha, unatakiwa ukalete gari lenye maboksi umdake. Kwenye memori iliyoharibiwa na ile chiti jamaa hasubiri. Unaingia tu, anajirusha. Misheni imeshindikana. Unarudi, anajirusha. Hakuna namna ya kupita, na bila kupita hapo hadithi haiendelei.

Likizo nzima imeishia juu ya lile jengo. Kwa hiyo Mtoto wa Grove, nakuunga mkono lakini kwa sababu yangu: gemu haliuawi na kujua. Linauawa na kujua kulikoletwa na mtu mwingine kwenye karatasi.

Chuma Hakilali
Dah. Pole sana. Mimi ningemrudisha mjini siku hiyo hiyo, kwa mguu.

Mzee wa Pedi
Hii ya Madd Dogg imewatesa wengi, nilidhani ni CD yangu mbovu.

Fundi Redio
Chiti msizitukane zote. Ile ya Contra, juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, iliyokuwa inakupa maisha 30, asili yake ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami. Mwaka 1986 alikuwa anaandaa Gradius kwa ajili ya mashine ya nyumbani, na kila akitaka kulijaribu anakufa, gemu gumu. Akajiwekea njia ya kupewa silaha zote ili aweze kufanya kazi yake. Yaani mtengenezaji mwenyewe lilimshinda! Tuliokuwa na zile kadi za njano za "9999 ndani ya moja" bila zile njia za mkato tusingewahi kuona mwisho wa gemu lolote. Mimi kuona mwisho wa Contra ni kati ya siku nzuri za utoto wangu, sijali niliufikiaje.

Kona ya Sabasaba
Contra hukuharibiwa memori na mtu.

Fundi Redio
Contra haikuwa hata na memori, mkuu. Ukizima umeanza upya.

Msee wa Buru
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu tatizo halikuwa hadithi, lilikuwa Adriano. Gemu la mpira la PES 6, mshambuliaji wa Inter, nguvu ya shuti 99. Ukishajua hilo umeshajua gemu lote. Unapokea mpira, unageuka, unaachilia kutoka mbali, kipa anaona upepo. Mwenye PS akabandika karatasi ukutani: HAKUNA INTER. Ndiyo tukahamia gemu jingine la mpira, FIFA, na hatukurudi.

Chuma Hakilali
Mlihama kwa sababu hamkujua kukaba. Adriano unamwekea watu wawili mapema, hageuki.

Msee wa Buru
Watu wawili kwa Adriano, halafu Recoba unamwachia nani?

Chuma Hakilali
FIFA ya miaka ile wachezaji walikuwa wanateleza kama wamevaa sabuni. PES ndiyo ilikuwa mpira. Mimi Master League, ile ya kujenga timu yako, nilianza na kina Castolo, Minanda, Ximelez, wachezaji ambao duniani hawapo, nikawajua mmoja mmoja mpaka nani anachoka dakika ya ngapi. Nilipopata pesa za kununua mastaa nikashindwa kumuuza Castolo. Hapo kujua sana kuliniongezea mapenzi, hakukupunguza.

Msee wa Buru
Leo PES yenu iko wapi? Tangu 2021 inaitwa eFootball.

Chuma Hakilali
Na FIFA yenu je? Si nayo imebadilishwa jina 2023. Kaa kwa kutulia.

Mnyakyusa Mweupe
Acheni ugomvi, niwape ya Mbeya. Mwaka naukumbuka kwa sababu ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, 2010.

Banda letu lilikuwa nyuma ya soko, anayefungwa anapisha. Kulikuwa na dogo wa sekondari, mkimya, nitamwita Kimya. Huyu aligundua kwamba ukishuka na winga mpaka karibu na mstari wa mwisho, ukakata pasi ya chini kurudi nyuma, kipa anakuwa ameshaegemea nguzo ya karibu, goli liko wazi. Mabeki wanakimbilia golini kwao, hakuna anayebaki na yule anayekuja kwa nyuma. Akaifanyia kazi mpaka ikakosa dawa. Anakufunga goli lile lile, kushoto, kulia, kushoto. Ikafika mahali akiingia bandani watu wanaaga. Mwenye banda akamwomba awe anakuja asubuhi, hasara ilikuwa kubwa.

Jioni moja akaingia jamaa wa boda, mgeni, ana maneno. Akaweka 10,000, akaliwa. Akaweka 20,000, akaliwa. Hesabu ya tajiri yake imeisha. Akachomoa ufunguo wa pikipiki akauweka juu ya TV.

Dogo akakataa. Akaanza kunyanyuka. Watu wazima, nasema watu wazima kabisa, wakamkalisha.

Mechi ikaanza. Jamaa akapata goli la kona, moja bila. Tunasubiri dogo ashuke pembeni akate, hashuki. Anapitisha katikati, anapoteza. Anapiga mbali, inatoka nje. Banda zima tunapiga kelele "Kata! Kata!" Hakati. Kipindi cha pili akasawazisha kwa pasi ndefu za katikati, goli ambalo hatujawahi kumwona akifunga. Jasho linamtoka. Dakika za mwisho, mpira uko kwenye boksi la jamaa, mtu yuko peke yake, na umeme ukakatika.

Giza. Kitu cha kwanza nilichosikia ni ufunguo kudondoka.

Binti Pangani
Endelea!!

Fundi Redio
Mkuu huwezi kuishia hapo. Pikipiki ilikwenda wapi?

Msee wa Buru
Nani aliokota ufunguo?

Mama Wawili
Mimi nauliza kingine. Mtoto wa shule anakalishwa kwa nguvu acheze kamari ya pikipiki isiyo hata ya huyo mwendesha boda, na mnasoma kama burudani? Hapo gemu ndiyo shida au nyinyi?

Mzee wa Pedi
Mama ana hoja. Ila ufunguo jamani.

Babu wa Barazani
Wajukuu, nimesoma yote. Mimi hayo ya pedi siyajui, najua bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Nimelicheza tangu ujana, na watu wale wale hapa Forodhani. Namua ya mwenzangu, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete, naijua, najua akifika mtaji, hatua inayofuata, atapenda kuanzia wapi. Na bado ananila. Kama kujua kungekuwa kunaua utamu, bao lingekuwa limekufa kabla babu zenu hawajazaliwa. Hayo magemu yenu yanayokwisha ukiyajua, pengine yalikuwa na kitu kimoja tu ndani.

Mtoto wa Grove Street
Shikamoo babu. Lakini mbona hata kitabu kizuri kina mwisho mmoja na tunakipenda?

Babu wa Barazani
Marahaba. Na si unakirudia?

Fundi Redio
Babu kasema kweli, na wapo wanaofanya hivyo hivyo kwenye magemu ya kompyuta. Pac-Man ya mwaka 1980, vile vizuka havibahatishi. Chekundu kinakufuata ulipo, cha waridi kinalenga mbele ya unakoelekea. Ukipita njia ile ile kwa wakati ule ule, navyo vinapita vile vile, kwa hiyo watu walikariri njia nzima. Hawakuacha kucheza! Wakaenda mpaka hatua ya 256, ambapo nusu ya skrini inavurugika kwa sababu mashine haiwezi kuhesabu kupita 255. Na Tetris ya Nintendo, Desemba 2023, kijana wa Marekani wa miaka 13 alifika hatua ya 157 mpaka gemu likaganda. Miaka zaidi ya 30 watu wanalijua, na bado kulikuwa na mahali hakuna binadamu aliyewahi kufika.

Chuma Hakilali
Huko sasa ni kazi, siyo kucheza. Ushauri wangu: gemu likikuchosha badilisha timu. Chukua timu mbovu.

Kona ya Sabasaba
Mimi nasema pumzika mwaka mzima, utakuwa umesahau.

Msee wa Buru
Au funga ndoa. Hutapata muda wa kulijua gemu lolote.

Mama Wawili
Nimefunga ndoa na nyoka wa Nokia nilimjaza skrini nzima nikinyonyesha. Msidanganyane.

Mnyakyusa Mweupe
Nimerudi, nilikuwa kazini. Mama Wawili, uko sahihi, na mjumbe wa nyumba kumi alisema hivyo hivyo usiku ule, tena kwa sauti. Ufunguo aliuokota mwenye banda. Mjumbe akaamua kila mtu aondoke na chake, dogo arudishe hela yote ili hesabu ya tajiri itimie, na mechi za hela zikome. Dogo alirudisha bila ubishi.

Nilimsindikiza kwao. Nikamuuliza kwa nini hakukata. Akasema ile pasi ameshaijua mno, akiicheza hasikii kitu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu moyo ulikuwa unamdunda. Akaniomba nisimwambie mama yake kuhusu pikipiki.

Binti Pangani
Na lile shambulizi la mwisho? Mtu yuko peke yake kwenye boksi. Lingeingia?

Mnyakyusa Mweupe
Lingeingia. Alikuwa upande wa kulia, mguu wake.

Chuma Hakilali
Kipa alikuwa nani?