Morgan, Seven, Cobra ya faiba au Roadster: ipi inastahili bei yake Uganda?

Spoki_Kampala (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Natafuta gari la michezo la viti viwili lenye umbo la miaka ya 50 na 60. MGB au Triumph lenyewe, magari ya Uingereza ya enzi hizo, halipo mezani, maana tangu marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa haliingizwi nchini. Naona njia nne: Morgan Plus Four kutoka Malvern, Uingereza, Caterham Seven inayokuja vipande ukaiunganisha hapa, Cobra ya kuiga yenye bodi ya faiba kutoka Marekani, au Mazda Roadster ya ND (kizazi cha nne) kutoka Japani, ambayo ni ya kiwandani kabisa. Tatu za kwanza ni kazi ya mkono na ndizo zenye gharama nzito. Ile ziada inalipia nini hasa, na gari likishafika Kampala bado ina maana?

Fundi_Ndeeba
Unalipia saa za mafundi. Plus Four ya tangu 2020 ina chesisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi. Juu yake kuna kiunzi cha mbao za ash (mti mgumu wa Ulaya), kisha mabati ya alumini yanapimwa na kurekebishwa kwa mkono, gari moja moja. Injini ni ya BMW, lita 2.0 yenye turbo, nguvu za farasi 255. Mitambo basi ni ya kiwanda kikubwa. Kazi ya mkono uliyoilipia ni bodi.

Ash imechaguliwa kwa sababu inanepa bila kuvunjika na inameza mtikisiko. Ila ikilala na maji inaoza. Kagua mbao ya chini ya mlango, nguzo ya bawaba na tao la gurudumu la nyuma, maana tope hurushwa huko na msimu wa mvua halikauki. Rangi ikitoa malengelenge kwenye ukingo wa bati, usikubali fundi apake puti juu yake. Hiyo ni alumini inayoliwa mahali inapogusana na chuma penye unyevu. Bati lifunguliwe, lisafishwe, metali mbili zitenganishwe kwa silanti, ndipo lirudi.

Kijana_Katwe
Fundi, shikamoo. Mbao yenyewe ikioza tunaweka nini? Ash haiuzwi Ndeeba wala Bwaise.

Fundi_Ndeeba
Marahaba. Weka mvule iliyokauka vizuri. Uzito wake unakaribiana na wa ash, na mchwa na kuoza haviiwezi kirahisi. Kwa nguzo na mbao ya chini inatosha. Haipendi kupindwa kama ash, kwa hiyo tao la gurudumu liunde kwa tabaka za milimita 3 hadi 4, uzigundishe kwa epoksi na kuzibana kwenye kalibu. Hata Malvern tao hilo ni la tabaka. Mvule ina mafuta: pangusa kwa asetoni kabla ya gundi. Na chunga meno ya msumeno, huwa na vijiwe vyeupe ndani.

Nalongo_Forodha
Tuweke kodi wazi kabla mtu hajauza shamba. Chukua thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini, tuseme milioni 300. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 75. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18 inakatwa juu ya 375, hiyo ni 67.5. Kodi ya zuio asilimia 6 ni 18, na ya miundombinu asilimia 1.5 ni 4.5. Jumla milioni 165, bado usajili na ada nyingine. Ile 6 ni malipo ya awali ya kodi ya mapato, kwa hiyo mwenye TIN (namba ya mlipa kodi) aiingize kwenye ritani yake, asiiache ipotee. Gari kuukuu linaongezewa ushuru wa mazingira.

Bei za Uingereza zinazotangazwa zina VAT yao ya asilimia 20 ndani. Plus Four ilianza kwa pauni 62,995 mwaka 2020. Ukitoa VAT ni kama 52,500. Gari linalosafirishwa nje haliilipi, basi dai ankara isiyo nayo.

Na wanaodhani vipande vitapita kama spea: vikija pamoja vikiwa vinatosha kutengeneza gari zima, forodha huvihesabu kama gari zima. Omba cheti cha mtengenezaji chenye namba ya chesisi kabla ya kulipa, maana bila hiyo usajili unakwama.

Mzee_wa_Mabira
Asante Nalongo. Mimi wasiwasi wangu na Morgan si mbao, ni ile gundi. Chesisi ya chuma ikipinda, mafundi wa Katwe wataivuta na kuichomelea. Ya alumini ya gundi ukiipasha moto umeharibu kiungo. Boda akikuingia pembeni hadi ukapiga ukingo wa barabara kwa gurudumu, utasubiri kipande kutoka kiwandani na mtu mwenye vipimo vyake.

Kwa hiyo naipa Seven nafasi ya kwanza. Chesisi ni mabomba ya chuma, ngozi ya alumini imepigwa ribiti, na kila kitu unakiona. Toleo la 170 lina injini ya Suzuki ya cc 660 yenye turbo, farasi 84, uzito kilo 440. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 11 ya nguvu. Yenye turbo inafidia sehemu kubwa.

Kuunganisha: springi, shokomzoba na mikono ya magurudumu ya mbele kwanza, kisha usukani, halafu injini na gia boksi zishuke pamoja kutoka juu kwa kreni ya mkono mrefu, watu wawili. Bolti za bushi (raba za viungo) usizikaze gari likiwa limening'inia. Zifunge kidogo, literemshe likae kwa magurudumu lenye uzito wa dereva ndani, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Ukikaza likiwa juu, raba inabaki imejinyonga na itachanika mapema. Rudia kukagua bolti zote baada ya kilomita 500.

Kasoro yake ni matuta. Sampu ya oili iko chini sana. Springi zikiwa na kola (pete ya kuzungusha) unaweza kuziinua, lakini pima upya kambari na toe (mielekeo ya magurudumu), la sivyo itakula matairi. Na mawe ya marram (barabara za changarawe) hubandua rangi ya mabomba chini ya sakafu; kutu inaanzia hapo kimyakimya. Osha chini, paka nta.

Kijana_Katwe
Cobra je? V8 ya Ford (injini ya silinda nane) hata soko la spea la Kisekka kuna mtu ataielewa.

Fundi_Ndeeba
Injini sawa, mengine yanakula pesa. Nyingi zina usukani kushoto na sisi tunahitaji kulia. Kuhamisha maana yake pedali, boksi la usukani na ekzosi vyote vipangwe upya. Kwenye jamu ya Jinja Road V8 inachemka isipokuwa feni ya umeme ina kava linalofunika redieta nzima. Faiba nayo hupasuka kama nyota kwenye bawaba za milango ikiwa haikuongezwa unene. Bomba la ekzosi liko ubavuni, linachoma shavu la mguu unaposhuka.

Nalongo_Forodha
Roadster mmeisahau. Lita 1.5, uzito kama kilo 1,000, usukani kulia, mvua haiingii. Kwa mtu wa kwenda kazini kila siku sioni hoja dhidi yake.

Mzee_wa_Mabira
Kwa kazini, sina ubishi nawe. Lakini hakuna fundi aliyekaa na bati lake hadi likakubali, na ndicho kinacholipiwa hapa. Spoki, ukiwa na nyumba yenye paa na sakafu ya saruji, gari lingine la mvua, na moyo wa kushika spana mwenyewe, nunua Seven. Ukiwa na kimoja tu kati ya hivyo, nunua Roadster.

Spoki_Kampala
Paa na gari la mvua vipo. Mzee, kreni ya mkono mrefu inakodishwa wapi?

Kijana_Katwe
Gereji kubwa za Ndeeba wanayo. Pima kwanza urefu kutoka pua ya gari hadi katikati ya injini, ongeza nafasi ya gia boksi, ndipo ukaulize. Ya mkono mfupi itagonga pua kabla injini haijafika.