Kazi imeisha na hamu imekata: nirudie gitaa au niwe natoka kutembea? (Dar)

Kaka_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Huu mwezi wa tatu tangu kampuni niliyokuwa natunza stoo ipunguze watu. Mafao NSSF nafuatilia, barua za maombi nimetuma, shida yangu siyo hiyo. Asubuhi naoga, navaa, halafu nabaki nimekaa kitandani na viatu miguuni. Mke anakwenda gengeni, anarudi, ananikuta vilevile.

Juu ya kabati nina gitaa kavu, nyuzi mbili zimekatika. Shemeji anasema niachane nalo, niwe natoka: Coco Beach, Pugu, Kigamboni. Bajeti ni 10,000 kwa wiki, nauli humohumo. Mliopitia haya, kipi kiliwainua?

Fundi_Solo
Pole sana mkuu. Gitaa, sina hata mjadala. Nenda Kariakoo, nunua hizo nyuzi mbili tu, usikubali kuuziwa seti nzima. Dakika 20 kila asubuhi kabla ya chai. Vidole vitauma mpaka viote sugu, vumilia. Chukua wimbo mmoja wa zile bendi za dansi, Msondo au Sikinde, ufuate gitaa la ridhim. Solo liache kwanza, litakuvunja moyo bure.

Mama_Wawili
Naomba nipinge kidogo. Mimi nilipoachishwa nilijifungia na muziki. Zilipendwa tangu alfajiri, saa sita mchana sijaoga. Kila wimbo una mtu wake na mwaka wake, unajikuta unalia kwa ajili ya harusi ya 2009.

Kilichonitoa ndani ni pantoni. Saa moja asubuhi nipo Magogoni, navuka kwenda Kigamboni, shilingi 200. Saa hizo umati wote unatoka kule kuja mjini. Geti likifunguliwa watu wanatoka mbio, bodaboda zinapiga honi, wenye ndoo wanapiga kelele "mzigo, mzigo!" Wakishaisha ndiyo unaingia wewe, chombo kina nafasi tele, unasimama upande wa bahari unaangalia meli zinazoingia bandarini. Siku za mwanzo iliniuma kuona kila mtu ana pa kuwahi isipokuwa mimi. Wiki ya pili muuza kahawa wa ng'ambo akawa ananijua. Nikikosa siku mbili, ananiuliza nilikuwa wapi.

Ngosha_Mjini
Ushauri wa wenye nazo huu. Mtu hana kazi mnampeleka kupunga upepo? Hiyo 10,000 anunue vocha apigie watu simu.

Mama_Wawili
@Ngosha_Mjini kaka yangu, mtu anayekaa kitandani na viatu hampigii mtu simu. Na kabla hujauliza: hapana, muuza kahawa hakunipa kazi. Niliipata kwa tangazo la kawaida kabisa. Ila ningekuwa bado nimejifunika shuka nisingelisoma.

Sauti_ya_Nne
Tupige hesabu basi. Coco Beach Jumapili itakumaliza: mihogo, soda, watoto wanataka hiki na kile, na lazima ukutane na mtu mliyekuwa naye ofisini. Nenda Jumatatu, peke yako, maji ya kunywa toka nao nyumbani. Pugu pazuri, msitu ule unatuliza kweli, lakini ni daladala mpaka Kisarawe na ukiingia hifadhini kuna kiingilio. Iwe mara moja kwa mwezi. Kuna watakaokwambia upande treni ya SGR uende Morogoro ukaone milima ya Uluguru. Daraja la kawaida ni 13,000 kwenda tu, kwa hiyo hiyo subiri mshahara.

Pantoni naiunga mkono. Kwenye muziki ningeongeza kitu ambacho hamjakitaja: kwaya. Haina gharama, mazoezi mara mbili kwa wiki, saa 11 jioni. Kusoma nota si lazima, wengi tunashika kwa kusikia. Kwaya zote nilizopitia sauti ya tatu (ile ya juu ya wanaume) ina upungufu, wakipata mwanaume anayefika pale juu hawamwachii. Kama ni Mwislamu, ulizia kikundi cha kaswida mtaani. Gitaa halikupigii simu ukichelewa. Mwalimu wa kwaya atakupigia, na atafoka.

Fundi_Solo
Hapo umenishika. Kweli, gitaa chumbani peke yako nalo ni kujifungia. Mkuu, kama utaweza, Jumamosi tunapiga watu wanne kwenye banda la seremala Buguruni, saa tisa. Kelele za randa zitakuwepo, zoea.

Ngosha_Mjini
Kwaya sawa. Huko angalau kuna watu wa kuuliza nafasi za kazi.

Kaka_wa_Tabata
Wakuu, naleta mrejesho baada ya wiki mbili. Pantoni nimepanda mara nne. Siku ya kwanza nilirudi nayo hiyohiyo bila kushuka, nilijisikia mjinga. Sasa nashuka, nakunywa kahawa, narudi saa tatu, halafu ndiyo nakaa na maombi ya kazi. Jumamosi ya Buguruni imenishinda, nilifika nje ya banda nikageuza. Kwaya nimekwenda Jumanne, wameniweka sauti ya tatu, tupo wawili, na mwenzangu ana mafua. Mke anauliza kama huko wanatoa nauli.

Gitaa bado lipo juu ya kabati. Nyuzi nimenunua.