Askari wamempiga risasi shemeji yetu nyumbani kwake, sasa wanataka tusaini karatasi

Mama Neema, Kira:

Asalaam aleikum na Bwana asifiwe, ndugu zangu wote wa Kampala.

Naandika nikiwa wodini. Wiki hii, usiku wa manane, askari waliokuwa wakifukuzia majambazi waliingia kwenye ua wa dada yangu. Mumewe alisikia geti linapigwa kwa kitako cha bunduki na mbwa wanabweka, akatoka barazani na tochi mkononi. Akapigwa risasi ya paja kabla hajasema neno. Nyumba waliyokuwa wanaitafuta ni ya tatu kutoka pale, nayo ina geti jeusi kama la kwao.

Yuko hai, alhamdulillahi. Mfupa umevunjika, wamemtia vyuma. Kinachoninyima usingizi ni kwamba jana walikuja maofisa wawili, wapole kabisa, wakasema poleni, ilikuwa bahati mbaya, na kituo kitalipa hospitali. Wana karatasi ya Kiingereza, nusu ukurasa, inayosema familia imeridhika na haina madai zaidi. Bili inapanda kila siku, na dada alikuwa ameshashika kalamu. Nimemsihi asubiri. Huko nyumbani mwenye nyumba ameleta fundi azibe tundu la risasi kwenye mlango wa chuma na kuupaka rangi, eti watoto wasione.

Sisi ni Watanzania, vibali vyetu viko sawa, lakini hatuna mtu wetu serikalini. Tufanye nini?

Mwalimu, Kansanga:

Mama Neema, poleni sana, na mpe mgonjwa salamu zetu.

Msisaini. Kama wanataka kulipa hospitali, wailipe hospitali na risiti itoke kwa jina la mgonjwa. Hakuna sheria inayosema mtu aliyejeruhiwa na askari aachie haki yake ndipo atibiwe.

Pili, piga simu sasa hivi, fundi asiguse ule mlango. Tundu lile linaonyesha risasi ilitoka upande gani na kwa urefu gani. Kama kuna maganda ya risasi uani, msiyaokote na msifagie. Wekeni sarafu ya shilingi mia tano pembeni ya kila ganda mpige picha, kisha mpige picha ya ua mzima kutoka getini mpaka barazani, mchana na usiku, taa ikiwa imewashwa kama ilivyokuwa usiku ule. Muiteni mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la mtaa, aone kwa macho yake na aandike barua yenye muhuri. Nimesaidia familia kadhaa za jamii yetu hapa mjini na nimeona kesi zikifa kwa sababu ya rangi na simenti. Mwenye nyumba hana nia mbaya, mwelezeni tu kwamba mlango ule sasa ni ushahidi.

Tatu, nenda kituoni na mtu mzima mwenzako mkaandikishe malalamiko. Mtapewa nambari ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Jalada likifunguliwa rasmi linapata nambari ya CRB, yaani ya daftari la makosa ya jinai. Ziandike zote mbili. Bila nambari, kila utakayemwendea atakwambia hajui habari hiyo. Uliza pia jalada linasema kosa gani, na nani ameandikwa mlalamikaji. Swali hilo la mwisho usiliache.

Wakili wa kweli atawaeleza zaidi, ila mjue kwamba kuna njia tatu na hazizuiani. Ya kwanza ni jinai: askari aliyefyatua risasi anaweza kushtakiwa kama mtu mwingine yeyote, na uamuzi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ya pili ni nidhamu ndani ya jeshi la polisi lenyewe: malalamiko ya maandishi kwa kamanda wa wilaya, kwa Inspekta Jenerali kule Naguru, au kwa kitengo cha nidhamu ambacho watu hapa wanakiita PSU. Ya tatu ni fidia, kupitia Mahakama Kuu dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, au kupitia Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Mtaambiwa, “Yule askari tumeshamwadhibu, mambo yamekwisha.” Adhabu ya kazini haifuti kesi ya fidia wala ya jinai.

Juma, Najjera:

Pole dada. Mimi nina mawazo tofauti na naomba Mwalimu anisamehe. Tuko ugenini. Ukiwashtaki askari leo, kesho kibali kinakwama, gari linasimamishwa kila kona. Mtu yuko hai, bili italipwa, chukueni mshukuru Mungu. Binamu yangu yuko New Mexico, Marekani, na kule Farmington Aprili 2023 askari waliitwa nyumba namba 5308 wakaenda kugonga 5305, ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba akafungua akiwa na bastola, maana ilikuwa usiku, wakampiga risasi akafa mlangoni kwake. Kamera za vifuani zilirekodi kila kitu, na bado ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo haikuwashtaki. Kama Marekani ni hivyo, hapa je?

Mwalimu, Kansanga:

Juma mdogo wangu, hofu yako naielewa, na kila mgeni anayo. Lakini angalia mfano wako vizuri. Video ile ilitolewa hadharani ndani ya siku chache, namba za nyumba zilijulikana dunia nzima, na mjane na watoto walikwenda mahakamani kudai wakiwa na ushahidi mkononi. Jinai ilikwama, lakini hakuna aliyeweza kusema marehemu alikuwa jambazi. Kwa mtu wa Kira hakuna kamera ya kifuani. Kilichopo ni tundu la mlangoni, maganda, picha ya eksirei na majirani waliosikia. Tukiviacha vipotee, itabaki hadithi ya upande mmoja.

Na Farmington nyumba zina namba ukutani. Mitaa yetu mingi ya Kampala unaelekezwa kwa geti jeusi, duka la kona, mwembe. Askari anayeingia usiku kwa maelekezo ya namna hiyo bila kumwamsha mwenyekiti wa LC1 anajua kabisa anaweza kukosea nyumba. Hiyo siyo bahati mbaya. Sheria imeweka breki zake: Katiba ya 1995, kifungu cha 27, inakataza kuingia nyumba ya mtu kinyume cha sheria, na hati ya upekuzi ya mahakama kwa kawaida hutekelezwa kati ya macheo na machweo isipokuwa hakimu ameruhusu saa nyingine. Sheria ya Polisi nayo imetaja hali ambazo askari anaweza kutumia bunduki, kama mtu anayetoroka kizuizini au anayepinga kukamatwa kwa nguvu. Mtu aliyetoka barazani kwake na tochi hayumo humo.

Kuhusu kibali: haki ya uhai na haki ya faragha ya nyumba kwenye Katiba hazikuandikwa kwa raia peke yao. Kifungu cha 50 kinasema mtu yeyote anayedai haki yake imevunjwa anaweza kwenda mahakamani, na mtu mwingine au shirika linaweza kwenda kwa niaba yake. Kwa hiyo hata jumuiya yetu inaweza kusimama mbele, kama dada anaogopa jina lake kuonekana.

Mama Neema, Kira:

Shikamoo Mwalimu. Mlango umesalimika, fundi alikuwa ameshaanza kusugua tu. LC amekuja na ameandika.

Lakini kituoni tumepata mshtuko. Nambari ya CRB ipo, na kosa lililoandikwa ni wizi wa kutumia silaha. Tulipouliza mlalamikaji ni nani hatukujibiwa. Na daktari anasema fomu aliyoletewa na askari ni namba 24.

Mwalimu, Kansanga:

Marahaba. Hapo ndipo penye hatari kubwa, na wote mnaosoma mkumbuke hili. Fomu ya Polisi namba 3 ni ya mtu aliyejeruhiwa. Namba 24 ni ya kupima mtuhumiwa. Maana yake kwenye jalada lile shemeji yetu ameandikwa jambazi aliyepigwa risasi akikamatwa, huku nanyi mnaletewa karatasi ya pole. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja.

Kesho asubuhi nendeni na wakili. Mdai Fomu 3, ni ya bure, ijazwe na daktari anayemtibu. Andikeni barua kwa kamanda wa wilaya na nakala PSU, mkieleza kwamba mwenye nyumba ameandikwa mtuhumiwa, mkiambatisha barua ya LC. Hakikisheni nakala yenu inagongwa muhuri wa kupokelewa. Kama wamemweka askari mlangoni mwa wodi au wamemfunga pingu kitandani, amekamatwa, na Katiba inawapa saa 48 kumfikisha mahakamani au kumwachia. Andikeni saa ilipoanza.

Risasi ikitolewa mwilini, muulizeni daktari aliikabidhi kwa nani, na saini iko wapi.

Mnisamehe kwa ukali wa maneno. Mtu anavunjwa mguu barazani kwake, halafu kalamu inamgeuza mwizi akiwa bado kwenye dawa ya usingizi. Sitaki jamii yetu ilizoee jambo hilo.

Otieno, Ntinda:

Shemeji zangu Watanzania, poleni. Sisi Wakenya hapa tumejifunza kuupigia ubalozi simu mapema, kabla mambo hayajaharibika. Mkataba wa Vienna wa 1963 wa mambo ya kikonseli, kifungu cha 36, unasema mgeni aliyekamatwa akiomba, ubalozi wake uarifiwe bila kuchelewa, na afisa wa ubalozi ana haki ya kumtembelea. Mgonjwa ameandikwa mtuhumiwa, na akiwekwa chini ya ulinzi kifungu hicho kinamhusu moja kwa moja. Ombeni kwa maandishi. Afisa wa ubalozi akifika wodini, hata namna ya kuongea inabadilika.

Pia kuna Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki bila kumaliza kwanza mahakama za ndani. Mwaka 2007 mahakama hiyo iliikuta Uganda imevunja Mkataba wa Jumuiya, baada ya watu wenye silaha kuizingira Mahakama Kuu ya Kampala na kuwakamata tena washtakiwa waliopewa dhamana. Ila muda wake ni miezi miwili tu, na hawauongezi. Kwa fidia ya mguu mmoja sioni kama ndiyo njia ya kwanza, lakini wakili aijue.

Mama Furaha, Nsambya:

Poleni wapendwa. Na sisi Wakongomani ambao ni wakimbizi, ubalozi hatuwezi kuuendea. Kwa wenzangu: Refugee Law Project wanasaidia wakimbizi kisheria bila malipo. Kwa mtu aliyeumizwa na askari, ACTV, kituo cha kutibu walioteswa kule Kamwokya, wana madaktari wanaojua kuandika ripoti ya majeraha ambayo mahakama inaielewa, na wanahudumia hata wasio wakimbizi.

Jambo jingine, akina mama mniunge mkono. Usiku askari wanapopiga geti hapa wanasema Kiswahili, na majambazi pia wanasema Kiswahili. Waganda wa umri wetu walikua wakiisikia lugha hii kwa watu wenye bunduki, tangu enzi za Amin na za panda gari, ile misako ya kukamata watu na kuwapakia kwenye magari. Mume akijibu kwa sauti ya juu kwa Kiswahili, jirani anafunga dirisha, na askari anasikia jambazi. Mimi nimefundisha watoto wangu tusitoke. Tunakaa chini, tunapiga 999 na simu ya LC, tunamwacha LC aje kwanza.

Juma, Najjera:

Nimesoma hilo la Fomu 24 nimeshtuka. Nafuta neno langu la kuchukua hela na kunyamaza. Swali: kesi ina muda gani? Na Tume inalipa kweli?

Mwalimu, Kansanga:

Ahsante Juma. Kesi ya madhara dhidi ya serikali ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Tume inapokea malalamiko ndani ya miaka mitano, haitozi ada, na unaweza kwenda ukaeleza kwa mdomo wakakuandikia. Ila Tume haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo chagueni na wakili kabla ya kukimbilia popote.

Kulipa ni jambo gumu, sitawadanganya. Tuzo za Tume zinachelewa miaka. Alipofariki mwenyekiti Med Kaggwa Novemba 2019, baraza la Tume la kusikiliza kesi lilishindwa kufanya kazi mpaka Mariam Wangadya alipoteuliwa 2021, na watu walikuwa wanangoja tu. Ndiyo maana mawakili wengi sasa wanaitumia Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019. Hiyo inamfanya afisa aliyevunja haki awajibike yeye binafsi, hata kama serikali nayo inawajibika. Kwa hiyo jina na namba ya kifuani ya askari vina uzito. Nani alimwona? Dereva wa boda aliyekuwa kijiweni? Mlinzi wa jirani? Andikeni majina na simu zao sasa, kabla hawajahama.

Mama Neema, Kira:

Mlinzi wa jirani aliona gari na anakumbuka namba zake. Anaogopa kwenda kituoni.

Mwalimu, Kansanga:

Asilazimishwe kwenda kituoni. Aandike maelezo yake mbele ya wakili na ale kiapo kwa kamishna wa viapo. Na mgonjwa atakapoandika yake, ni haki yake ayatoe kwa Kiswahili. Askari ataandika Kiingereza. Asomewe mstari kwa mstari kwa lugha anayoielewa, na aweke saini akiwa ameshaamka sawasawa, siyo akiwa na dripu ya dawa ya maumivu. Mahali pasipoandikwa pakatwe kwa mstari, ili neno lisiongezwe baadaye. Nitakuwa hospitali kesho saa tatu asubuhi pamoja na wakili. Dada yako asiwe peke yake wodini kabla hatujafika.