Nipo Windhoek, nimebakiza Cape Town: basi la moja kwa moja au nikatize njiani?

BintiRaskazone:

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka Tanga na begi mgongoni, nchi kavu tupu, ndege sijagusa. Basi mpaka Dar, Tazara mpaka New Kapiri Mposhi, Lusaka, Livingstone, nikavuka Zambezi pale Sesheke kuingia Katima Mulilo, halafu ile barabara ndefu ya kwenda Rundu yenye vibao vya tahadhari ya tembo ilhali mimi niliona mbuzi tu. Sasa nipo hosteli hapa Windhoek. Iliyobaki ni Cape Town, kama kilomita 1,500.

Tatizo langu ni hili: basi la moja kwa moja ni saa 20 na ushee, unalala unaamka umefika, na mwili unalitaka kweli. Soli ya buti la kulia imefungua mdomo, fundi wa Katutura kaipiga gundi mara mbili na bado inacheka. Begi nililokuwa nalirusha begani bila kufikiri kule Mbeya, sasa tunavutana nalo kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Ila nikiwaza kwamba kipande cha mwisho nitakipita usiku, pazia limefungwa, jirani anakoroma, roho inagoma. Huko kusini kuna msitu wa miti ya kokerboom pale Keetmanshoop, kuna lile korongo kubwa la Fish River Canyon, kuna mto Orange mpakani. Hela ipo lakini si ya kuchezea.

La pili, mwisho wenyewe ni wapi? Niliwaahidi wadogo zangu nitakwenda mpaka ardhi iishe. Hapa hosteli kuna Mjerumani anaapa ni Cape Point. Mwenzake anasema ukishuka stesheni ya Cape Town umemaliza, kaoge.

La tatu: nina hema, jiko la gesi na dola za Namibia kiasi. Kurudi ni kwa ndege, maana mama amechangia nauli kwa sharti la kuwahi harusi ya binamu. Hivi vitu navifanyaje?

Wale wa "safari zote hizo unatafuta nini" naomba mpite kimya kimya.

MzeeWaTunduma:

Mwanangu, pole na safari. Mimi ni dereva wa malori, hiyo njia nimeipita zaidi usiku kuliko mchana, kwa hiyo mandhari muulize mwingine. Barabara nakujibu.

Katiza mara moja tu, Keetmanshoop. Kutoka Windhoek ni kama kilomita 500, lami nzuri, imenyooka mpaka inachosha. Ondoka asubuhi. Ukishapita Rehoboth kaa macho, kuna kibao cha Tropiki ya Kaprikoni kando ya barabara, wazungu wote husimama kupiga picha. Ile miti unayoitaka iko kilomita 14 hivi nje ya mji. Kodi teksi alasiri jua likilegea, mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujafunga mlango. Tena si miti hasa, ni jamaa wa mshubiri aliyekua akapitiliza. Wasani, wale wawindaji wenyeji wa huko, walikuwa wanachonga podo za mishale kwa matawi yake.

Canyon achana nayo. Bila gari lako hufiki, na kushuka chini kwa miguu wanaruhusu kuanzia Mei hadi katikati ya Septemba tu. Novemba hii joto la kule chini litakupika.

Tiketi ya kutoka Keetmanshoop kwenda Cape ikate kabisa hapo ulipo, waandike kwamba unapandia Keetmanshoop. Usiende kusimama barabarani usiku unapunga mkono.

Mpaka wa Noordoewer haufungwi, mnashushwa wote, mnagongewa mhuri, mnavuka daraja, Vioolsdrif mnagongewa tena. Afisa wa Afrika Kusini akiuliza unarudi lini, mwonyeshe tiketi ya ndege. Iwe kwenye karatasi, simu huzima saa mbaya.

Dola ya Namibia ni sawa na randi, moja kwa moja. Ila ujanja ni huu: Namibia wanapokea randi madukani, ng'ambo ya daraja dola yao hakuna anayeitaka. Kuanzia leo ukinunua kitu omba chenji ya randi.

KijanaWaUbungo:

Dada mwisho ni pale hela inapoishia. Mimi niliaga watu naenda Cape Town, mwisho wangu ukawa Lusaka 😂

Kwa upande wa gesi, mtungi hauingii kwenye ndege hata uwe nusu, iwe begi la mkononi au la chini. Jiko lenyewe lisafishe likauke lisinuke, waulize shirika lako kabla. Mtungi waachie hosteli, wapo wanaoanza safari wanautafuta.

MamaBellville:

Karibu sana mdogo wangu. Mimi naishi huku miaka mingi, kwa hiyo swali la mwisho niachie mimi.

Mjerumani wako kakosea, na wala hayuko peke yake, nusu ya wageni wa huku wanaamini hivyo. Cape Point iko pale Rasi ya Tumaini Jema, na hiyo ni ncha ya kusini-magharibi. Kusini kabisa ni Agulhas, kama kilomita 220 kwa barabara kutoka mjini, unapita Caledon na Bredasdorp. Kuna mnara wa taa wa mwaka 1849, na kuna jiwe limeandikwa upande huu Bahari ya Hindi, upande huu Atlantiki. Wewe ni mtu wa Raskazone, simama upande wa Hindi, ni maji yenu hayo. Mkondo wa joto unateremka pwani yote ya mashariki mpaka huko.

Usafiri wa umma wa kukufikisha pale usiutegemee. Tafuteni watu wanne hosteli mkodi gari, mnaenda na kurudi siku moja. Cape Point ni kuzuri lakini kiingilio kinauma.

Mlima wa Meza ukiukuta hauna kitambaa cha wingu, panda siku hiyohiyo, usiseme kesho. Upepo wa kusini-mashariki ukianza wanasimamisha magari ya kebo ya kupandia juu. Kwa miguu kupitia njia ya Platteklip ni bure, ila nenda na wenzako.

Ukishuka stesheni usitoe simu kuangalia ramani. Na utasikia Kiswahili mjini hapo, wengine ni ndugu zetu wazamiaji walioganda huku wakisubiri meli. Salimia, jibu vizuri, lakini begi libaki mgongoni.

BintiRaskazone:

Asanteni mno. Nimerudi kutoka kukata tiketi: Jumatano asubuhi Keetmanshoop, Alhamisi usiku napandia pale. Hema nimemuuzia dada wa Kizambia anayepanda kaskazini, kalipa kwa randi. Na Mjerumani nimemwonyesha ramani, kanuna, kisha akasema ana leseni na gari la Agulhas ataendesha yeye. Tumebakiza kupata wawili.

MamaBellville, nitakutumia ujumbe nikishavuka mpaka.

MamaBellville:

Laini ya Namibia huku itakufyonza. Nunua ya huku, uje na pasipoti na anwani ya hosteli, bila hivyo hawakusajilii.