Tupeane uzoefu: ada za kujificha kwenye mabasi ya uwanja wa ndege

Mleta mada: Wakuu, hapa tuweke vitu vya kutumika tu. Kinachokatwa ni nini, kinaingilia wapi, abiria afanye nini kabla hajalipa. Waliowahi kukata tiketi au kupanga magari ndio hasa tunawahitaji.

Mkata Tiketi: Nauli ya ukurasa wa kwanza ni chambo. Jaza fomu mpaka ukurasa wa malipo, ishia hapo, halafu linganisha jumla ya kampuni moja na jumla ya nyingine. Katikati hapo huingia ada ya kuhifadhi nafasi, ya usiku, ya ujumbe wa simu, bima ya kughairi na ada ya kuingia uwanjani. Hiyo ya mwisho si ya kubuni, viwanja vingi kweli huwatoza wenye magari kila wanapoingia. Ujanja ni kuitenga na nauli ili nauli ionekane ndogo. Bima mara nyingi hukaa kwenye kisanduku kilichotiwa tiki tayari, itoe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2014, pesa iliyokatwa kwa tiki ya namna hiyo unaidai na inarudi.

Mizigo nayo: "begi moja bure" haitoshi. Uliza vipimo na uzito. Baiskeli, ubao wa mawimbini na kigari cha mtoto viandike mapema, kwa sababu dereva akivikuta mlangoni atakutajia bei yake, au atasema buti limejaa.

Mpanga Magari: Pesa nyingi zaidi hupotea kwenye kusubiri. Mkiambiwa dakika 45 za bure, ulizeni zinaanza kuhesabiwa lini: saa ya ratiba, au ndege inapogusa ardhi? Ukihesabiwa kwa ratiba na ndege ikachelewa saa moja, muda wako umekwisha ukiwa bado angani, na kwenye kumbukumbu unaandikwa "hakutokea". Nauli imekwenda.

Namba ya ndege ndiyo kinga yako, lakini watu huikosea. Kama unaunganisha, andika namba ya ndege ya mwisho, ile inayokuleta kwenye uwanja unaochukuliwa, na saa ya kutua badala ya saa ya kuondoka. Taja na jengo la abiria. Halafu usitoke ukumbi wa mizigo kabla ya kupiga simu: magari mengi hayaruhusiwi kusimama mlangoni, dereva yuko kwenye eneo la mabasi na anasubiri kuitwa. Usipomwona, piga picha ya kibao cha kituo na ya orodha ya simu ulizopiga.

La kuchangia gari: lile huondoka likijaa, hata tangazo liseme vipi. Uliza watashushwa wangapi kabla yako. Wakati wa kurudi, kama wanakuja kukuchukua "kati ya saa hii na ile", piga hesabu kwa ile ya mwisho.

Bundi: Nyongeza fupi. Ndege ya 00:20 Jumanne maana yake basi ni la Jumatatu jioni. Na ukitua Jumatatu 23:50, basi lako ni la Jumanne. Kosa hili lipo kila wiki, na ada ya kubadili tarehe dakika za mwisho huweza kufikia nauli nzima.

Mhasibu: Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale. Kiwango cha mashine karibu siku zote ni kibaya kuliko cha benki yako.

Ukitaka kurudishiwa, mwandikie kwanza yule ambaye jina lake limetokea kwenye taarifa ya kadi. Wakala na mwenye basi hupenda kutupiana mpira, ila aliyepokea pesa ni mmoja. Ambatisha picha ya ukurasa wa malipo, vocha (hati ya kuthibitisha nafasi yako) na risiti. Akikataa au akinyamaza, iombe benki ipinge muamala, na usikawie, dirisha hilo hufungwa baada ya miezi michache.

Mkata Tiketi: Hapo niongeze kwa walio Ulaya. Msiitegemee kanuni ya abiria wa mabasi, namba 181/2011, kwa kuchelewa. Haki zake nyingi za fidia zinahusu safari za kilomita 250 na zaidi, na basi la uwanjani ni nadra kufika huko. Shikeni masharti ya tiketi yenyewe.