Cheni inaruka nikipanda mlima, nakosea wapi?

kijana_wa_milimani: Wakuu baiskeli yangu ya gia 21 kwenye tambarare iko fresh ila nikianza kupanda kwenda Irente hapa Lushoto nikibadili gia inapiga kraa! cheni inaruka, friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma) imeisha au ni mimi?

pedeli_kavu: Unachelewa mkuu. Badili kabla mlima haujakubana, na ukibonyeza gia legeza mguu kidogo ila pedeli ziendelee kuzunguka, cheni ikishakaa ndo ukandamize

dadaBaiskeli: Na sahani kubwa ya meno ya mbele usiweke na sahani kubwa ya nyuma, cheni inakaa upande

fundi_mtaa: Ikiendelea cheki waya wa gia, unalegeaga. Kile kinati pale waya unapoingia kwenye gia ya nyuma, zungusha kinyume na saa kidogokidogo, tairi likiwa juu. Friwili baadae, msimtie hasara bure